Kikundi: WAJUKUU WA KIBOSHO (OREGON NA NYUMBANI)

Mama Neema [18:04]: Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Jumamosi hii tunapanda Mt. Hood kukata mti wa Krismasi. Saa 1 asubuhi tumeshatoka Gresham. Nani ana pikapu?

Mama Neema [18:11]: Jamani naona tiki za bluu. Mnasoma mnanyamaza.

Godi [18:13]: Dada mti gani tena, si ule wa plastiki upo gereji?

Mama Neema [18:14]: Ule umenyonyoka, mwaka jana ulifanana na fagio la chelewa. Na hawa wanaouza barabarani wameniambia dola 90 kwa mti mmoja wa noble. Kibali cha msituni dola 5.

Mama Neema [18:15]: Tena mimi sijalipa hata hiyo 5. Neema yuko darasa la nne, na watoto wa darasa la nne wanapewa kibali kimoja bure wakiwa na ile pasi yao ya Every Kid Outdoors. Nimelipa ada ya mtandao tu, 2.50.

Godi [18:16]: Mchagga kapata mti kwa dola mbili na nusu 😂😂 hii iandikwe kwenye kitabu cha ukoo

Frank Salem [18:20]: Mafuta ya gari je? Na kahawa za njiani? Na burger za pale mjini Sandy ambazo Godi hawezi kupita bila kula?

Mama Neema [18:21]: Frank unakuja au unapiga hesabu?

Frank Salem [18:22]: Napiga hesabu.

Mama Neema [18:29]: Haya sikilizeni, sitarudia. Kibali cha Neema ni cha mti MMOJA, anayetaka wake anunue mtandaoni leo na achapishe, maana msituni hakuna mtandao. Ramani pakueni mkiwa nyumbani. Mkiegesha kwenye Sno-Park, yale maegesho ya wakati wa theluji, mnahitaji kibali kingine cha kuegesha, hicho cha mti hakihusiani. Cheni za matairi kila gari. Mti usizidi futi 12. Lebo inafungwa kwenye mti kabla haujapakiwa garini, sio mkifika nyumbani. Chagueni kale katoto kanakosongwa na wenzake, mkikatoa wanaobaki wanapata mwanga. Sio kando ya barabara kuu, sio mtoni. Na unakata CHINI, kisiki kifupi. SIO KILELE.

Godi [18:30]: Hapo kwenye kilele kuna mtu anaambiwa 👀

Frank Salem [18:30]: 🤣🤣🤣

Aloyce [18:41]: Nimeona.

Aloyce [18:41]: Mti ulikuwa futi 40, juu ulikuwa mzuri, chini hauna kitu. Ningefanyaje?

Godi [18:43]: Ungechagua mwingine kaka 😂 faini nililipa mimi na hadi leo sijaona hata soda

Mama Neema [18:44]: Hayo tuyaache. Aloyce msumeno wa mkono uko kwako bado? Na ile kamba ya bluu.

Aloyce [18:46]: Kila mwaka ni mimi tu. Msumeno wangu, kamba yangu, paa la gari langu ndilo limechubuka. Halafu nachekwa.

Mama Neema [18:47]: Hakuna anayekucheka.

Frank Salem [18:47]: Mimi nacheka kidogo.

Godi [18:52]: Ila huku raha, unaingia msitu wa serikali na msumeno mkononi na askari wa misitu anakupungia. Nyumbani Nusu Maili, ule msitu wetu wa Kilimanjaro, sasa ni hifadhi ya taifa, jaribu kupita na panga uone.

Mama Neema [18:55]: Godi PIKAPU. Ile ya jirani yako.

Godi [18:58]: Nitamuuliza.

Mama Neema [18:58]: Ulisema hivyo wiki iliyopita.

Pendo Kibosho [19:31]: Shikamooni. Huku ndiyo kunakucha. Nimemsomea Babu yote akiwa anakunywa chai. Anasema niandike hivi hivi, nisipunguze neno.

Pendo Kibosho [19:34]: "Nasikia mnaomba ruhusa na kulipa hela ili mkate mti mdogo kama mtoto, kwenye msitu wa serikali isiyowajua hata majina. Ni vizuri. Enzi za Nusu Maili na sisi tuliomba. Sasa Aloyce aniambie, mgrivea wangu wa mpakani alimwomba nani?"

Aloyce [19:36]: *Ujumbe huu umefutwa*

Frank Salem [19:40]: Aisee.

Aloyce [19:52]: Pendo mpe Babu shikamoo. Mwambie sikumwomba mtu. Mwambie pia zile mbao zilikwenda kwenye tiketi ya ndege, na aliyepanda ndege sio mimi.

Mama Neema [19:53]: Aloyce.

Aloyce [19:53]: Anayecheka sana humu anajua.

Godi [20:06]: Kaka nitakupigia. Tusiongelee hapa.

Pendo Kibosho [20:09]: Nimemsomea. Amekaa kimya muda, chai imepoa. Halafu amesema isale, lile jani letu la kuombea msamaha, imeota palepale kwenye kile kisiki, hajaing'oa. Basi, ameenda kukata majani ya ng'ombe.

Mama Neema [20:10]: Ahsante Pendo. Mpe Babu shikamoo yetu sote.

Happy [21:17]: Samahani jamani nilikuwa zamu. Nimesoma haraka haraka, mti ni wa Babu au wa Neema??

Frank Salem [21:18]: Happy soma taratibu.

Mama Neema [21:20]: Saa 1 asubuhi Gresham. Happy ulete chai ya chupa mbili na turubai. Jioni saa 10 na nusu giza linaanza kuingia, sitaki kumtafuta mtu porini na tochi ya simu. Pikapu?

Godi [21:24]: Jirani hajajibu.

Mama Neema [21:25]: Cheni?

Mama Neema [21:31]: CHENI?

Frank Salem [21:33]: Ninazo moja. Yaani tairi moja.

Aloyce [22:48]: Msumeno na kamba nitaviacha barazani kwako Ijumaa usiku. Na cheni. Sijasema nakuja.

Mama Neema [22:49]: Nimekuandika.