Tupeane uzoefu: umekompaili programu kwenye Linux, ikakwambia maktaba haipo. Ulitokaje?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Jana nimekesha na kosa la mstari mmoja. Nilipolimaliza alfajiri ndipo nikakumbuka kwamba niliwahi kulimaliza hilo hilo mwaka juzi, nikasahau. Basi nimeona tufungue uzi, kila mtu aseme lililomkuta: ulikuwa unajenga nini, iligoma vipi, ulitokaje. Wale wa "formati uweke upya" mtusamehe, hilo tunalijua.

Naanza na langu. Kulikuwa na programu ndogo ya kupunguza picha za PNG, nimeshusha chanzo chake (maandishi ya programu kabla ya kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa kitu cha kuendesha). Nikaandika `make`, mistari ikamiminika vizuri, mara:

`fatal error: png.h: No such file or directory`

Nikakagua kama libpng, maktaba ya PNG (msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja), ipo. Ipo! `ldconfig -p | grep png` inanionyesha `libpng16.so.16` imetulia pale. Nikasema labda imeharibika, niiondoe niirudishe. Apt ikaniorodheshea karibu desktop nzima kwamba itaondoka nayo. Nilibonyeza `n` kabla sijamaliza kusoma.

Kumbe kwa Debian na wanawe (Ubuntu, Mint) maktaba moja hugawanywa pakeji mbili. Ya kwanza ni ya kuendeshea programu ambazo mtu mwingine ameshazikompaili, hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Ya pili ni ya kujengea: ina heda (mafaili ya `.h` yanayoieleza maktaba kwa kompaila), faili la `.pc` (linaloiambia zana ya pkg-config maktaba iko wapi), na kiungo `libpng.so` kisicho na namba mwishoni. Hiyo ina mkia wa `-dev`. Nikaweka `libpng-dev`, ikapita mara moja. Fedora mkia ni `-devel`. Arch hawagawi, vyote huja kwa pamoja, ndiyo maana mtu wa Arch ukimweleza shida hii anakushangaa.

mpitanjia_tu

Usibahatishe jina la pakeji. Debian: `apt-file update`, kisha `apt-file search png.h`. Fedora: `dnf provides '*/png.h'`. Arch: `pacman -Fy` halafu `pacman -F png.h`. Nimepita tu.

Kiraka

Jina langu lina sababu, someni.

Mimi lilinitoka hili:

`/usr/bin/ld: cannot find -lssl`

Nikajaribu `apt install lssl`. Haipo. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ile `-l` ni amri, na `ssl` ni jina lililokatwa kichwa: linka (inayounganisha programu na maktaba) inatafuta `libssl.so` au `libssl.a`. Nikaenda kwenye folda, nikakuta `libssl.so.3`. Nikawaza, kumbe tofauti ni namba tu? Nikapiga kiungo kwa mkono, `ln -s libssl.so.3 libssl.so`. Nikajiona fundi.

Kosa likageuka sura:

`undefined reference to 'SSL_library_init'`

Hapo nililala siku mbili. Maktaba ipo, linka imeiona, lakini inadai hakuna kitu kinachoitwa hivyo ndani. Siku ya tatu nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kama sijaweka `libssl-dev`, heda zilitoka wapi hadi kompaila haikulalamika? Nikatafuta. Nikazikuta `/usr/local/include/openssl`, masalia ya OpenSSL ya zamani, toleo la 1.0, niliyowahi kuijenga mwenyewe na kuisahau. Na gcc, kompaila yenyewe, hupitia `/usr/local/include` kabla ya `/usr/include`. Kwa hiyo programu ilisoma maelezo ya maktaba moja, ikaunganishwa na nyingine. Tangu 1.1.0 ile `SSL_library_init` si kazi halisi tena ndani ya maktaba, imebaki jina tu kwenye heda linaloelekeza kwingine. Heda zangu za kale hazikuwa na habari hiyo.

Nikafuta masalia, nikafuta kiungo changu, nikaweka `libssl-dev`. Dakika moja. Tangu hapo sipigi kiungo cha mkono ndani ya `/usr/lib`.

Mwanzisha mada

Kiraka umenifurahisha. Kuna njia ya kujua heda inatoka wapi bila kulala siku mbili: ongeza `-H` kwenye amri ya gcc, itakutajia kila heda iliyofungua pamoja na njia yake kamili.

Kiraka

Ungeniambia siku ya kwanza mkuu.

BintiSeva

Langu halikuwa maktaba kukosekana, ila mimi niliamini hivyo kwa wiki nzima.

`gcc -lm hesabu.c -o hesabu`
`undefined reference to 'sqrt'`

Nimeweka upya `libc6-dev` mara tatu. Faili hilo hilo, amri hiyo hiyo, kwenye mashine ya mwenzangu yenye distro (aina ya Linux) nyingine inakubali. Nikaanza kuishuku diski.

Shida ilikuwa mpangilio. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifika `-lm` inauliza, kuna anayehitaji kitu humu? Wakati huo bado haijaliona faili langu, basi hakuna, inaendelea. Ikifika kwa `sqrt` haina pa kurudi. Ubuntu wamewasha `--as-needed` (linka iache maktaba isiyohitajika) tangu 11.10, ndiyo maana inaniadhibu mimi na kumwacha mwenzangu. Dawa:

`gcc hesabu.c -o hesabu -lm`

Maktaba nyuma, wenye kuzihitaji mbele. Kwenye Makefile pia, mtu akitupia `-l` zake ndani ya `LDFLAGS` mara nyingi zinatokea mbele ya mafaili. Ziwekwe `LDLIBS`. Ukiona `undefined reference`, acha kuinstoli, angalia kwanza amri yenyewe. `cannot find` na `undefined reference` watu wanavichanganya sana: la kwanza maana yake faili halijaonekana, la pili ni kwamba jina fulani halijapatikana katika yale yaliyoonekana.

Kobe wa Zamani

Vijana mmeishia kwenye kujenga. Kuna kile kinachojengwa, kinakubali, halafu kinakataa kuamka:

`error while loading shared libraries: libkazi.so.2: cannot open shared object file: No such file or directory`

(Jina nimebadilisha, maktaba ilikuwa ya kazini.) Hapa kompaila na linka walishamaliza kazi yao, anayelalamika ni loda (anayepakia maktaba programu inapoamka). Tulifanya `make install`, ikaingia `/usr/local/lib`. Faili tunaliona kwa macho. `ldd ./programu` inasema `not found`.

Loda hapekui folda zote. Anasoma daftari lake, `/etc/ld.so.cache`, na daftari hilo huandikwa na `ldconfig`. Kwa Debian `/usr/local/lib` imo kwenye orodha, kwa hiyo `sudo ldconfig` peke yake yatosha. Kuna distro za familia ya Red Hat ambazo haimo: unaunda faili lenye mstari mmoja ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/`, kisha ndipo `ldconfig`.

Mimi sikufanya hivyo. Nilitia `LD_LIBRARY_PATH` (folda ambazo loda azitazame kwanza) ndani ya `.bashrc` nikaondoka zangu. Miezi ikapita. Siku moja `git` ikaanza kukataa kuvuta chochote cha https, `curl` nayo. Nikalaumu mtandao, nikalaumu vyeti, nikamsumbua mtu wa mtandao bure. Kumbe kwenye folda ile ile mtu alikuwa amejenga libcurl ya zamani kwa ajili ya mradi wake, na ule mstari wangu ulikuwa unazilazimisha programu zote ziichukue hiyo kwanza.

BintiSeva

Mzee Kobe shikamoo. Lakini `LD_LIBRARY_PATH` tusiisingizie. Kwa mara moja inafaa: `LD_LIBRARY_PATH=/opt/kazi/lib ./programu`, inaishia hapo hapo.

Kobe wa Zamani

Marahaba binti. Kwa mara moja sawa. Ikiwa ni ya kudumu, iandikwe ndani ya programu yenyewe wakati wa kulinka: `-Wl,-rpath,/opt/kazi/lib`. Na kama folda itahamahama, tumia `'$ORIGIN/../lib'`, maana yake anzia hapo programu ilipo. Alama za nukuu usizisahau, shell italimeza hilo neno. `readelf -d programu | grep -i path` itakuonyesha kilichoandikwa.

nguchiro

Yangu fupi. Nimekompaili kwenye Ubuntu, nikapeleka kwenye kontena la Alpine (distro ndogo). `./programu: not found`. `ls` inaonyesha ipo. Ruhusa sawa. Nikadhani nimechoka.

Isiyoonekana si programu, ni loda wake. `readelf -l programu | grep interpreter` inataja `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, ya glibc, maktaba ya msingi ya C. Alpine wanatumia musl badala yake, faili hilo hawana. Nikakompaili upya ndani ya Alpine yenyewe.

Chatu Mdogo

Nilijenga Python kutoka kwenye chanzo. `./configure`, `make`, `make install`, hakuna kosa hata moja, nikajisifu. Kisha `pip` (kisakinishi cha Python) ikanijibu kwamba moduli ya ssl haipo.

Nikarudi kuusoma ule mlolongo wa `make`. Katikati ya mamia ya mistari umo huu: `The necessary bits to build these optional modules were not found`, na chini yake `_bz2`, `_ctypes`, `_sqlite3`, `_ssl`, `readline`. Python haigomi zikikosekana. Inaziruka, inajenga kilichobaki, inakuaga kwa heshima. Nikaweka `libssl-dev libffi-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev`.

Nikarudia `make`. Bado. Kwa sababu `configure` ilishaandika majibu yake ya mwanzo na hakuna aliyeiuliza upya. `make distclean`, `./configure` tena, ndipo. CMake, zana nyingine ya kujengea, ina tabia hiyo hiyo: ukishaweka maktaba na bado inaimba `Could NOT find OpenSSL`, futa folda ya `build` yote, au angalau `CMakeCache.txt`.

Kwa programu ambayo distro yako tayari inayo, kuna njia ya mkato: `sudo apt build-dep python3`, inavuta mahitaji yote ya kujengea. Washa kwanza vyanzo vya `deb-src`, la sivyo inakataa.

SaaNaneUsiku

Nilisita kuandika hili.

Seva ya zamani, Ubuntu 20.04. Nimeletewa programu iliyokompailiwa kwingine, inasema:

``version `GLIBC_2.34' not found``

Ile 20.04 ina glibc 2.31. Nikashusha faili la libc jipya, nikapanga: nafuta kiungo `libc.so.6`, napiga kingine kinachoelekea kwenye jipya. Hatua mbili. Ya kwanza ilifaulu.

`ln: error while loading shared libraries: libc.so.6: cannot open shared object file`

`ls`, hivyo hivyo. `cp`, hivyo hivyo. `sudo`, hivyo hivyo. Kila amri inahitaji kile nilichofuta, pamoja na amri ya kukirudisha. Kuingia kwa ssh kwa dirisha jipya hakuwezekani. Kilichoniokoa ni kwamba terminali ile moja bado ilikuwa wazi nami nikiwa root tayari. Sikuigusa hata kuikuza. Bash ina amri zake za ndani zisizohitaji kuamsha programu nyingine, kwa hiyo `cd` inafanya kazi, na `echo *` ikawa `ls` yangu. Nikaliona `libc-2.31.so` lipo palepale, nilifuta kiungo tu. Kisha:

`LD_PRELOAD=/lib/x86_64-linux-gnu/libc-2.31.so ln -s libc-2.31.so /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6`

Unaipa `ln` libc mkononi, isiende kuitafuta. Ikakubali. Nilikaa kimya muda mrefu.

Jibu sahihi lilikuwa kuomba chanzo na kukikompaili kwenye ile ile 20.04. Kilichojengwa kwenye glibc ya zamani kwa kawaida huendeshwa na mpya, kinyume chake hapana. Na mjue tangu 2.34 `libc.so.6` si kiungo tena, ni faili lenyewe. Ukilifuta huko, hakuna `libc-2.31.so` la kukusubiri pembeni.

Kiraka

Nimesoma nikiwa nimesimama.

mpitanjia_tu

Nimerudi. `skipping incompatible` si maktaba kukosa, ni ya biti 64 wakati wewe unajenga ya 32 (`-m32`), au kinyume. `gcc-multilib`, `dpkg --add-architecture i386`, `apt update`, kisha pakeji yenye `:i386` mwishoni.

Mgeni Kidogo

Habari zenu wakubwa. Nimesoma wote. Mimi ninayo inayoendelea sasa hivi. `./configure` inasema `Package libkalamu was not found in the pkg-config search path`, na libkalamu nimeijenga mwenyewe leo asubuhi, `make install` imefanyika. `ldconfig` nimeshapiga.

Kobe wa Zamani

`ldconfig` ni ya loda, pkg-config haimsikilizi. Yeye anatafuta faili la `.pc`. Andika `find /usr/local /opt -name 'libkalamu.pc'` utuletee jibu.

Mgeni Kidogo

`/opt/kalamu/lib/pkgconfig/libkalamu.pc`

BintiSeva

`export PKG_CONFIG_PATH=/opt/kalamu/lib/pkgconfig` kisha `configure` tena kwenye terminali hiyo hiyo. Kwa kuwa iko `/opt`, ukimaliza loda naye atakusumbua, rejea rpath ya mzee hapo juu.

Mgeni Kidogo

Imepita! `pkg-config --modversion libkalamu` inajibu `0.4`. Nimeendesha `make`, imefika asilimia 60 na kitu, sasa inasema `zlib.h: No such file or directory`.

Mwanzisha mada

Hiyo unaijua.

Mgeni Kidogo

`zlib1g-dev`. Naja.