Kikundi cha dagaa: tunachambuaje tatizo letu bila kikao kugeuka ugomvi?

BintiMwalo:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa, kisiwani huku Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Tuko kama thelathini. Tunataka kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2). Afisa maendeleo ya jamii amesoma andiko letu akalirudisha. Tuliandika "tatizo ni ukosefu wa vichanja", chini yake bajeti, basi. Anataka tukae kikundi kizima, tuchambue tatizo, tuonyeshe sababu na matokeo, ndipo tuseme tunaomba nini.

Shida iko kwenye vikao vyetu. Mwenyekiti akishasema lake, wawili watatu wanamuunga mkono, wengine kimya. Wakitoka nje ndipo midomo inafunguka. Kikao kilichopita watu waliishia kunyoosheana vidole nani anaacha mchanga kwenye gunia ili lizidi uzito. Mtandaoni nimekuta mti wa matatizo, SWOT (kuorodhesha nguvu, udhaifu, fursa na vitisho), mfupa wa samaki, na "kwa nini" mara tano. Ipi itatufaa, ukizingatia wengine hawasomi? Mwenye uzoefu anielekeze taratibu. Nawasilisha.

Chuma_Ulete:
Kikundi cha dagaa mnauliza mfupa wa samaki? Si mnao tayari, tena kwa gunia 😂

MratibuMstaafu:
Dada, huyo afisa yuko sahihi, mshukuruni. "Ukosefu wa vichanja" si tatizo, ni suluhisho mlilolichagua kabla hamjauliza kinachowasumbua. Wajerumani wa GTZ, shirika lao la misaada ya kiufundi, walilishikia bango sana jambo hili miaka ya 1980 kwenye ZOPP, mbinu yao ya kupanga miradi. Kila semina kuta zilijaa kadi za rangi, na ukiandika "hatuna kitu fulani" mwezeshaji anairudisha kadi yako. Jiulizeni: vichanja hakuna, halafu kinatokea nini? Dagaa wanalowa? Wananunuliwa kwa bei ya kutupa? Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mti wa matatizo utawafaa. Shina ni tatizo lenyewe, mizizi ni sababu, matawi ni matokeo. Kadi moja, jambo moja. Kwa wasiosoma chora: wingu la mvua, mizani, kuku, noti. Wekeni chini kwenye mkeka, msibandike ukutani, maana aliyesimama ukutani na kalamu ndiye anayegeuka bosi. Kwenye mkeka kila mkono unafika.

Kabla hamjakubali mzizi wowote, ulizeni: hiki kikiondoka, cha juu yake kitapungua kweli? Kama hakipungui, kadi inahama. Kazi hii inachosha lakini ndiyo uchambuzi wenyewe, mengine ni kuchora tu. Mkimaliza, geuzeni kila kadi iwe hali mnayoitaka: "dagaa wanalowa" inakuwa "dagaa wanakauka hata masika". Huo sasa ni mti wa malengo, na shughuli za kwenye andiko mnazichuma humo. Mizizi msiyoweza kuigusa, kama bei ya mafuta ya injini, iacheni ionekane ila msiipangie bajeti.

NesiWaZamu:
Naongeza kwenye "kwa nini" mara tano. Ilitoka Toyota, na sisi hospitali tuliipata pamoja na mambo ya kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo (wale wa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia mnanielewa). Ni nzuri kwa kitu kimoja kilichoharibika, kwa mfano gunia moja lililokataliwa sokoni. Kwa tatizo lenye sababu nyingi inakupeleka kwenye njia moja tu, ile anayoijua mjibuji. Halafu kwa Kiswahili chetu "kwa nini umefanya hivi?" ni mashtaka. Nyinyi tayari mna kesi ya mchanga! Uliza "kabla ya hapo kilitokea nini?" Utapata jibu lilelile bila mtu kujitetea.

Mfupa wa samaki, mchoro wa Mjapani Ishikawa, unadai mpange sababu kwa mafungu: watu, vifaa, njia, mazingira. Kiwandani na wodini unafaa. Kwenu naona mtabishana kadi inaingia fungu gani mpaka jua lizame.

Chuma_Ulete:
Utani pembeni. Mbinu zote hizi nimeziona kwenye semina za posho. Watu wanabandika kadi, wanakula, wanasaini, wanaondoka. Tatizo lenu ni mwenyekiti. Badilisheni mwenyekiti.

BintiMwalo:
@Chuma_Ulete si rahisi hivyo kaka. Mwenyekiti ni mke wa tajiri wa mitumbwi. Wengi wetu tunachukua dagaa kwake kwa mali kauli, tunalipa tukishauza.

MpangaViti:
Dada, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Hakuna mti utakaoota mizizi ya kweli mbele ya mtu anayewadai. Nimeendesha vikao vya ushirika miaka mingi, na wenye madeni hawasemi.

Wamarekani wawili, Delbecq na Van de Ven, waliandika mwaka 1971 utaratibu unaofaa hapa. Kila mtu anafikiri peke yake kwanza, kimya kabisa, dakika kumi hivi, anaandika au anachora. Kisha mnazunguka: kila mmoja anatoa wazo moja, hakuna kujibu wala kupinga, mpaka mawazo yaishe. Baada ya hapo mnafafanua yasiyoeleweka. Mwisho mnapiga kura ya siri kupanga uzito. Anayeongea sana na asiyeongea wanapata nafasi sawa.

Kwa thelathini mtachelewa, gaweni makundi ya watu sita hadi wanane. Hapa uwe mjanja: wanaochukua kwa mali kauli wakae pamoja, wanaonunua taslimu pamoja, mabinti wanaobeba ndoo na kugeuza dagaa pamoja. Viongozi nao kundi lao. Kila kundi linaleta kadi zake bila majina. Kura ipigeni kwa punje za mahindi: makopo nyuma ya pazia, juu ya kila kopo mchoro, kila mama na punje tano. Na wewe katibu usiendeshe, tafuta mtu wa nje, hata mwalimu wa shule ya msingi.

GizaLaMwezi:
Wataalamu mmesahau tarehe. Wakati wa giza mitumbwi inaingia alfajiri, akina mama wako ufukweni kutwa, mtapata nusu ya watu. Fanyeni mbalamwezi, taa hazivui, watu wanashona nyavu na wana subira. SWOT achana nayo, itawapa orodha nne nzuri bila kusema kipi kinasababisha kipi.

BintiMwalo:
Wakuu, narudi na mrejesho. Tumefanya mbalamwezi hii, mwalimu ameongoza. Ukimya wa mwanzo uliwachekesha watu, mama mmoja akauliza kama kuna msiba. Baadaye wakazoea.

Shina tulilokubaliana: "dagaa wetu wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku". Mvua na mchanga vipo kwenye mizizi kama tulivyotegemea. Lakini punje nyingi zimeangukia kopo ambalo juu yake kulikuwa na mchoro wa daftari la madeni. Maelezo yalitoka makundi mawili tofauti: aliyechukua kwa mali kauli anatakiwa kulipa mapema, kwa hiyo anaanua dagaa hawajakauka vizuri, na mnunuzi akiona unyevu anatoa bei ya kuku. Jua likiwa kali siku moja inatosha, ila masika huna siku ya pili ya kusubiri. Hata tungekuwa na vichanja, huyu angeanua mapema vilevile.

Mwenyekiti aliangalia punje, akanyamaza, akasema tuendelee. Sasa andiko atalisaini yeye. Naandikaje hili?

MratibuMstaafu:
Safi sana. Usiandike "mwenyekiti anatukopesha". Andika mnyororo kama ulivyo kwenye mkeka: ununuzi wa mkopo, kuanua mapema, unyevu, bei ndogo. Halafu gawa ombi: vichanja, na mtaji wa mzunguko wa kununulia dagaa taslimu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo hamkuwa nayo mwanzo. Kwenye mpango kazi kila shughuli iwe na mhusika mmoja kwa jina la cheo na tarehe. "Wanakikundi wote" maana yake hakuna mtu.

MpangaViti:
Na mtaji huo aushike mweka hazina, utoaji uwe wa saini tatu. Mwenyekiti mpeni usimamizi wa ujenzi wa vichanja, kazi inayoonekana. Mume wake atapungukiwa na wateja wa mali kauli, msijidanganye kwamba hatalisikia. Kikundi chenu kimejiandaaje akisema hauzi dagaa kwa wanachama?

BintiMwalo:
Hilo hatukuliweka kwenye mkeka. Kuna mialo miwili jirani, nitaulizia bei kabla ya giza.

GizaLaMwezi:
Uliza na nauli ya mtumbwi, dada. Hapo ndipo hesabu za wengi huharibikia.