Tupeane uzoefu: ulipoanza kukandwa mwili, nini kilibadilika?

Fundi Sindano
Habari zenu ndugu zangu. Nashona nguo mwaka wa 14 sasa. Mwaka juzi shingo ilinikaza hadi nikiitwa nageuka mwili mzima. Kila alasiri kichwa kinaanza kugonga upande wa kulia. Vidonge vinatuliza kidogo, kisha maumivu yanarudi palepale.

Mtaalamu wa viungo alinibonyeza juu ya bega, penye kifundo kigumu kama kokwa, maumivu yakapanda hadi nyuma ya jicho. Kumbe chanzo cha kichwa kuuma kilikuwa begani! Nilikandwa mara moja kwa wiki, na wiki ya nne shingo ikawa inageuka. Usingizi nao ukarudi, jambo ambalo hata sikulitarajia.

Naomba tusimuliane. Ambaye hakupata nafuu naye aseme, pengine neno lake litamfaa mtu kuliko langu.

Mama Njiti
Mwanangu alizaliwa wiki ya 31 ya mimba. Siku za mwanzo niliogopa hata kumgusa. Alipotengemaa, muuguzi alinifundisha kumkanda kwa kiganja kizima, kwa mkazo kidogo, kwa sababu ukimpapasa kijuujuu anatekenyeka na kushtuka. Aliniambia kuna utafiti wa Tiffany Field na wenzake wa Marekani, wa mwaka 1986: njiti waliokandwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, ingawa maziwa waliyokunywa hayakuzidi.

Mwanangu aliongezeka uzito. Sitasema ni mikono yangu peke yake. Ila najua mimi nilibadilika: nilianza kulala, na nikaacha kumwona kama kitu cha kuvunjika.

Mbio Ndefu
Mimi mkimbiaji. Tuliambiwa miaka yote kwamba masaji "inatoa asidi" kwenye misuli. Si kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja tu kwa dakika 10, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili. Asidi haikuwa na tofauti. Kilichopungua ni dalili za uvimbe ndani ya msuli uliokandwa. Kwangu mimi, maumivu ya siku ya pili hupungua. Kasi haijaongezeka.

Baba wa Wawili
Nilikwenda kwa ajili ya mgongo, miezi saba baada ya kumzika mke wangu. Mkandaji aliweka viganja viwili mgongoni, hata hajaanza kukanda, machozi yakanitoka. Nililia kama mtoto. Hakuniuliza kitu. Alinifunika shuka vizuri, akaendelea polepole.

Nikiwa pale kitandani ndipo nilipotambua kwamba tangu mazishi watu walikuwa wakinipa mkono tu, basi. Watoto wangu ni wakubwa, na sisi wanaume hatukumbatiani. Ngozi yangu ilikuwa na njaa, sina neno jingine.

Baadaye nilisoma kwamba kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna neva zinazoitikia hasa mguso wa taratibu, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, mwendo ule ule wa mama anayembembeleza mtoto. Nikaelewa kwa nini yule mkandaji hakuwa na haraka. Usiku ule nililala hadi kumekucha. Majonzi hayakuisha, na bado namwona mshauri nasaha. Lakini kabla ya siku ile nilikuwa nikikaa mbele yake nimenyamaza. Baada ya hapo nikaweza kuzungumza.

Miguu Mizito
Nilishinda safarini kwenye kiti kimoja, kesho yake shavu la mguu mmoja likavimba, la moto, linauma. Nikakimbilia masaji. Yule dada aliutazama mguu, akakataa kuugusa, akanituma hospitali. Lilikuwa donge la damu kwenye mshipa; lingesukumwa, lingeweza kufika mapafuni. Mguu mmoja ukivimba hivyo, usikubali mtu auchue.

Kiuno
Mimi haikunisaidia. Maumivu yalikuwa yanashuka kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu, na ganzi juu yake. Mtu mmoja alinikandamiza kwa kiwiko, akasema maumivu ni dalili ya kupona. Nilitoka nachechemea. Kumbe diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ilikuwa inabana neva. Mazoezi ya tiba ndiyo yaliyonisogeza.

Fundi Sindano
Kiuno, pole sana ndugu yangu, na asante kwa kusema. Ganzi ni ya kupeleka kwa daktari kwanza. Kwa mgongo usio na ganzi, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliohusisha watu 401: waliokandwa kila wiki kwa wiki 10 walifanya kazi zao kwa urahisi kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida. Ila mimi nilipoendelea kuinama vilevile kifundo kilirudi, hadi nilipoinua meza ya cherehani.

Baba wa Wawili, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Mama yangu anaishi peke yake. Jioni hii naenda kwake na mafuta, nimkande miguu mwenyewe.