Wigi gani haliwashi na halitoki hata ukilala nalo? Niko kwenye dripu za kansa ya titi

Mama Tabata 41
Wakuu, habari za usiku. Miaka yote nasoma humu na kupita kimya, leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi, mnivumilie.

Nina miaka 41, naishi Tabata, napikia mafundi gereji chakula cha mchana. Mwaka huu nimegundulika na saratani ya titi la kushoto. Naenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwenye dripu kila baada ya siku 21, nimeshapata mbili. Nywele zilianza kutoka siku ya 16, nimeinamia sufuria ya wali. Nilijifunga kilemba nikamaliza kuwahudumia watu, jioni nikanyoa zote.

Nina maswali mawili. Kwanza, wigi gani halimuwashi mtu mwenye kichwa kitupu, na linakaa vizuri hata akilala nalo? Nililolinunua Kariakoo linawasha kama upupu. Pili, mliopita njia hii au mliouguza, nisimulieni vitu vya kuchekesha. Nasema kwa moyo wangu wote. Dada yangu wa Morogoro akinipigia simu analia yeye, mimi ndiye namtuliza. Nimechoka kutuliza watu.

Kipara wa Temeke
Dada pole sana. Mimi upara nimeupata bure nikiwa na miaka 29, bila dripu wala kunyoa. Karibu chamani. Vikao ni saa saba mchana, ajenda ni moja tu: jua.

Mama Tabata 41
Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Asante kaka.

Mdau Kimya
Ngoja waje wataalamu. Nimeweka mkeka hapa.

Mja Mwema
Pole mama. Lakini tuambiane ukweli, akina mama wa siku hizi mmezidi. Sidiria za kubana usiku na mchana, manukato ya kwapani, simu mnazichomeka kifuani. Bibi zetu walivaa khanga na hawakuujua ugonjwa huu. Rudini kwenye maadili.

Kisiki cha Mpingo
Mja Mwema, mjomba wangu wa Lindi alikuwa mvuvi, hajavaa sidiria hata siku moja. Alipata kansa ya titi. Wanaume wanaipata, ni wachache tu, na kwa kuwa hawaitarajii wanachelewa. Naye alichelewa. Na bibi zetu waliugua vilevile, ila iliitwa jipu lisilopona, au ikasemekana wamerogwa. Muache mgonjwa apumue.

Bibi wa Magogoni
Mwanangu Mama Tabata, mimi nina miaka 63, nakaa Kigamboni, nilimaliza matibabu yangu mwaka 2018. Nitakusimulia.

Enzi hizo wajukuu wangu walikuwa wadogo. Wakiniuliza "bibi unaenda wapi?" nawaambia naenda kwa jirani yake Rais. Si uongo, hospitali na Ikulu ni hatua chache. Basi mdogo akaenda kutangaza shuleni kwamba bibi yake anakunywa chai Ikulu kila baada ya wiki tatu. Mwalimu akanipigia simu kunipongeza!

Benchi letu tulikuwa wanne, tulipeana vyeo. Mmoja wa Mbagala alikuwa Waziri wa Ndimu, maana ndiye aliyekuja na ndimu za kunusa kichefuchefu kikipanda. Mwingine Waziri wa Habari, anajua nani ameitwa, nani amerudishwa kwa sababu damu haijapanda. Mimi nilikuwa Waziri wa Barafu. Nilitengeneza barafu za ukwaju kwenye vifuko, nazipanga kwenye kindoo, tunazimumunya wakati dripu inaingia ili mdomo usiote vidonda. Upepo ukigeuka ukaleta harufu ya samaki kutoka Feri, benchi zima tunainamisha vichwa kama tumeambiwa tuombe dua.

Sasa wigi. Siku moja nimechelewa, nikachukua bodaboda pale pantoni. Kijana akanivisha helmeti. Kufika getini naivua, wigi likabaki humo humo. Yule kijana alilitazama, akalitoa kwa vidole viwili kama anaokota kifaranga, akasema kwa adabu zote, "Mama, umesahau mzigo." Nililia kwa kucheka. Na yeye akakataa nauli.

Kwa hiyo ushauri wangu: vaa kofia laini ya pamba ndani, wigi juu yake, na ununue baada ya kunyoa, si kabla, kwa sababu kichwa kinapungua saizi. Ila usiku vua. Ngozi ipumue.

Binti Bungoni
Bibi wa Magogoni nakupenda bure.

Ila mimi nina swali. Mama Tabata, nani analala na wigi? Nyumbani si unakaa na khanga tu? Unamficha nani usiku?

Mama Tabata 41
Nimeuliza wigi tu ndugu yangu.

Binti Bungoni
Na mimi nimeuliza usiku tu dada yangu. Mume anajua?

Mama Tabata 41
Sawa. Hajui.

Ni dereva wa malori, yuko safari ya Kolwezi, Kongo, tangu siku mbili baada ya dripu yangu ya kwanza. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Anarudi Jumatano ijayo, atakaa siku kumi kisha anapakia tena. Nataka siku hizo kumi zipite salama. Simfichi kwa ubaya. Yule mtu nikimwambia ataacha safari, namjua, na tajiri atampa gari dereva mwingine siku hiyohiyo. Nani atalipa kodi? Nani atalipa ada ya watoto wawili? Na huku nyuma ya nyumba yetu kuna mama alirudishwa kwao na titi moja, nimeyaona kwa macho yangu. Msiniambie "mwambie tu", mnaongea kwa wepesi.

Chimbuko la Mstafeli
Pole dada. Majani ya mstafeli yanamaliza kansa ndani ya siku 40. Ninayo yaliyokaushwa kivulini. Njoo faragha.

Sista Zamu ya Usiku
Usiende faragha. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya saratani miaka mingi. Majani chungu nzima yamepita mbele yangu, na waliokuja na majani mara nyingi walikuja uvimbe ukiwa umepasuka. Ukitaka kunywa chochote cha mitishamba, mwambie kwanza daktari, kwa sababu vingine vinagombana na dawa au vinaumiza ini.

Mama Tabata, nunua kipimajoto. Joto likifika 38, hata kama ni saa nane za usiku, nenda hospitali na sema upo kwenye dripu za saratani. Usimeze panadol ukasubiri asubuhi. Kinga yako wakati huo iko chini.

Na nijibu hili. Tarehe yako ya dripu ya tatu ni lini?

Kijana wa Kimara
Hii ya kuficha inanikumbusha baba yangu. Aliugua sukari miaka minne tukidhani anafunga Jumatatu na Alhamisi. Mzee akipewa soda anasema "nimefunga". Tukamheshimu sana mtaani, hata uongozi wa msikiti akapewa. Kumbe! Siku alipoanguka ndipo tukajua. Mpaka leo mama anasema hakumsamehe ule uongo, na anamlilia.

Sista Zamu ya Usiku
Mama Tabata, bado nasubiri tarehe.

Mama Tabata 41
Alhamisi ijayo.

Binti Bungoni
Siku moja baada ya mume kurudi.

Mama Tabata 41
Ndiyo. Nimeamua hiyo nitaipitisha. Dripu ile inanilaza siku tatu, siwezi kunyanyuka hata kuchemsha chai, atajua. Akishaondoka nitarudi kuendelea. Uvimbe wenyewe umeshapungua, naushika naona kabisa ni mdogo. Nimeshahesabu, ni kama wiki mbili za kuchelewa. Nilikuja hapa kwa wigi na kicheko, sikuja kuuliza hilo.

Msema Kweli Daima
Wakuu, hii ni chai. Na haina hata tangawizi.

Nimesoma uzi wote. Moja, kansa ya titi wanakata kwanza, kila mtu anajua, huyu hajagusia kukatwa popote. Mbili, mume aliyelala na mkewe hakuona uvimbe? Tatu, mjane, sijui mgonjwa, tuliletewa humu mwaka jana na hadithi tamu hivihivi, ukurasa wa tatu ikashuka namba ya kutumia pesa. Nasubiri namba.

Mdau Kimya
Mkeka nimeukunja nusu.

Kipara wa Temeke
Mkuu, mtu hajaomba hata mia. Ameomba vichekesho.

Sista Zamu ya Usiku
Msema Kweli, hilo la kwanza umekosea. Wengi wanaanza na tibakemikali, yaani hizo dripu, ili uvimbe usinyae, ndipo wanapasuliwa, kisha mionzi wanaoihitaji. Inategemea ukubwa wa uvimbe na aina yake. Si kila mtu anakatwa kwanza, na si kila mtu anaondolewa titi lote.

Bibi wa Magogoni
Mimi nina njia yangu ya kumjua mwenzangu. Mama Tabata, siku ya dripu, ukirudi nyumbani ukaenda chooni, unaona nini?

Mama Tabata 41
Mkojo mwekundu, bibi. Kama juisi ya rozela. Waliniambia dripu yenyewe ni nyekundu na itatoka hivyo, ila siku ya kwanza nilisahau. Nilipiga ukelele, mpangaji mwenzangu akaja kugonga mlango wa choo. Nikamwambia nimeona mende. Akaingia na kandambili kumtafuta, akazunguka dakika kumi, akarudi ananiambia nimemuua, kumbe na yeye ananidanganya ili nitulie.

Na wewe Msema Kweli. Mume wangu ndiye aliyeuona wa kwanza. Aliushika akaniuliza ni nini, nikamwambia ni jipu. Aliniuliza tena safari mbili. Nikamwambia jipu. Nimeishi na hilo neno miezi mitano kabla sijaenda kupima. Sina namba ya kushusha.

Bibi wa Magogoni
Huyu ni wa benchi letu. Mtu yeyote asimguse.

Msema Kweli Daima
Sijaamini bado, mimi si mtu wa kuamini haraka. Lakini kama ni kweli, hiyo dripu usiiruke.

Sista Zamu ya Usiku
Ngoja niseme kwa taratibu. Zile siku 21 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Dripu inapiga uvimbe na inapiga mwili mzima, siku 21 ni muda wa damu yako kupanda tena. Ukiongeza wiki mbili, na uvimbe nao unapata nafasi ya kujijenga. Kuushika ukaona umepungua maana yake dawa inafanya kazi, haina maana kwamba imemaliza. Wakati mwingine daktari mwenyewe anaahirisha, chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini. Siku chache zinazungumzika naye ukimpigia au ukienda mapema ukamweleza hali ya nyumbani. Kutoonekana tu, hapana. Na kama kichefuchefu kinakulaza siku tatu, hilo nalo mwambie, dawa za kukizuia zinaongezwa au kubadilishwa.

Tairi Spea
Nimepita tu, ila imebidi niingie. Mimi ni dereva, njia hiyohiyo, Tunduma mpaka Kasumbalesa, mwaka wa kumi na mbili. Mama, unajua foleni ya mpakani ilivyo? Unakaa siku tatu, nne, ndani ya kichwa cha gari, huna la kufanya ila kuwaza nyumbani. Mkeo akikohoa kwenye simu unawaza wiki nzima. Yule bwana aliuliza mara tatu kuhusu hilo jipu. Mtu akiuliza mara tatu ameshajua kuna jambo, hajajua ni lipi. Huko aliko anafikiria mabaya kuliko haya. Pengine anafikiria umepata mwanamume mwingine.

Sisemi uache kuogopa, sijui atafanyaje. Wapo wenzangu walikimbia. Na wapo waliouza pikipiki wamtibu mke. Mimi ningekasirika kwa kufichwa, ningekaa kimya siku nzima, halafu ningeuliza Alhamisi tunatoka saa ngapi.

Mama Tabata 41
Nimesoma hii mara nne.

Mja Mwema
Mama, nimekwaza. Nisamehe. Nitakuweka kwenye maombi Alhamisi.

Binti Bungoni
Mimi naweza kusimamia chungu. Alhamisi na Ijumaa niko likizo, najua kupika maharage ya nazi na wali, hao mafundi wa gereji hawatalala njaa. Usinitajie mtaa hapa mbele ya watu, tutaelewana.

Kipara wa Temeke
Mwangalie asiunguze wali. Wigi likidondokea humo, wa kulaumiwa ni nani?

Mama Tabata 41
Mnanichekesha nikiwa nalia, sijui ndiyo nini.

Sijaahidi kumwambia. Naona mmeshaamua kwa niaba yangu, na mimi sijaamua. Huenda nikamwambia Jumatano usiku, huenda nikamwambia asubuhi ile nikiwa nimeshavaa viatu. Sijui. Lakini dripu nitakwenda. Hilo naandika hapa mbele yenu ili nisirudi nyuma.

Bibi, zile barafu za ukwaju, unaweka sukari kiasi gani?

Bibi wa Magogoni
Kidogo, na chumvi ya ncha ya kijiko. Lakini hutatengeneza wewe. Nitavuka na pantoni ya kwanza. Nikute getini saa kumi na mbili na nusu, nina kindoo cha kijani na kitenge cha njano. Kama bwana amekuja na wewe, zipo za kutosha.