Mrejesho: maandalizi ya safari ya umisheni Ufilipino

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliuliza nifungashe nini kwa huduma ya muda mrefu kisiwani Mindanao, nanyi mkanijibu kwa upendo.

Kubwa kuliko yote ni homa ya manjano. Sisi tunaotoka Uganda tunadaiwa ile kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Nimeshachanjwa hapa Kampala, na nimehakiki jina kwenye kadi na pasipoti, herufi kwa herufi. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, msikubali kuambiwa mrudie kila miaka 10.

Masweta nimeyatoa yote, kule ni joto na mvua. Plagi zetu za miguu mitatu hazifai, wao wanatumia miguu miwili bapa, nimenunua adapta. Biblia ya Kiswahili iko begi la mkononi, pamoja na kahawa ya Bugisu kwa wenyeji wangu.

Mama uliyeshauri nimwachie dada yangu mamlaka ya akaunti: nimefanya, wazazi wametulia.

Jumapili kanisa linaniaga, kisha Entebbe. Niombeeni hasa kwa Kisebuano, lugha ya kule, natamani kuhubiri bila mkalimani.