Usaili wa mchezo wa Annie: binti wa miaka 10 ajiandae vipi kwa wiki tatu?

MamaNeema_Ohio
Habari zenu humu ndani. Kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu kinaandaa Annie, ule mchezo wa kuimba kuhusu msichana wa kituo cha yatima, na binti yangu wa miaka 10 anataka nafasi ya mmoja wa wale yatima. Tangazo linataka wimbo wa "baa 16", nota za mpiga piano na viatu vya kuchezea. Yeye amezoea kwaya ya kanisani tu. Tuanzie wapi?

Fundi_Solfa
Mama Neema, hizo baa si za bia 😀. Ni vile vyumba vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima kwenye nota. Wimbo wenye mapigo manne kwa baa unakupa mapigo 64: ukiwa na mwendo wa 120 kwa dakika ni sekunde 32 tu, ukiwa wa 80 ni sekunde 48. Hakuna muda wa kupasha moto. Chukua kiitikio cha mwisho, na kisianzie katikati ya sentensi.

Kwenye nota ndiko wengi wanakoumia. Watoto wa kwaya zetu hufundishwa kwa solfa au kwa kusikia, lakini mpiga piano wa huko atataka nota za mistari mitano, za mkono wa kulia na wa kushoto. Nunua nakala iliyo kwenye ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) unaomfaa mtoto, maana kumwomba mtu abadilishe ufunguo palepale ni kujitafutia balaa. Ukitoa fotokopi, kagua chini ya ukurasa: mashine hupenda kukata mstari wa besi. Weka karatasi kwenye faili la pete, zimechapwa pande mbili ili asifunuefunue. Andika ANZA na MWISHO kwa kalamu nene, na visivyoimbwa vizibe kwa karatasi nyeupe. Utangulizi wa baa mbili unatosha.

Mwendo autoe mtoto mwenyewe kwa kumwimbia mpiga piano mstari wa kwanza kwa sauti ya chini. Asimpigie vidole, ni utovu wa adabu.

Bi_Jukwaa
Tangazo lisipoagiza, aachane na Tomorrow, wimbo maarufu wa Annie mwenyewe. Meza ya waamuzi itausikia tangu asubuhi, na zile sauti ndefu za juu mtoto akizisukuma kwa koo, shingo inakakamaa na sauti inashuka chini ya ufunguo. Kipimo changu: aimbe kipande chake mara tatu mfululizo bila kukwaruza. Akishindwa, tafuta nakala iliyo chini kwa toni moja.

Mtoto wa kwaya ana tatizo lake. Amezoeshwa kuificha sauti yake ndani ya za wenzake, na mikono inacheza kila neno. Mwambie kwanza ayaseme maneno ya wimbo bila kuimba, kana kwamba anamwomba mtu kitu, mpaka yaaminike. Halafu aimbe vilevile.

Na macho, jamani. Kwetu mtoto hamkazii macho mkubwa. Pale watasema ana woga. Akiimba atazame sehemu moja ukutani, juu kidogo ya vichwa vyao. Akiulizwa swali ndipo awatazame.

MamaNeema_Ohio
Asanteni sana. Na kucheza? Hajawahi kusomea dansi.

Hesabu_ya_Nane
Dansi hufundishwa palepale kwa makundi, kwa hesabu za nane, yaani hatua zinazohesabiwa moja hadi nane. Wanaangalia nani anashika haraka, kwa hiyo kurudia dansi moja wiki tatu hakumsaidii. Kila siku mpe hesabu nne za nane asizozijua, dakika 15, miguu kwanza, mikono baadaye. Akikosea asisimame wala asigeuke kukutafuta. Adake hesabu inayofuata. Viatu vikaze mguu. Malapa na soksi tupu vinateleza.

Fomu ya ratiba ijaze kwa ukweli: kila harusi, kila safari. Mtoto akikosa mazoezi kwa tarehe iliyofichwa, nafasi hupewa mwingine.

Jambo moja zaidi: urefu nao unahesabika, kwa kuwa yatima hupangwa wakubwa kwa wadogo. Molly ndiye mdogo wao, miaka 6 kwenye mchezo. Kama binti ni mfupi, asome pia mistari ya Molly.