"Boti inaondoka sasa hivi" tangu saa tatu asubuhi: visiwa vya Ssese vimenimaliza mfuko

Wakuu salamu. Naandika nikiwa bado na mchanga kwenye soksi na hasira hapa kooni, kwahiyo nikirefusha mnivumilie.

Ijumaa mimi na binamu yangu tumetoka Kampala kwenda Ssese, visiwa vya Ziwa Victoria huku kwetu Uganda, begi moja moja mgongoni, hema moja la kugawana na shilingi laki moja na nusu kila mtu. Hatukutaka anasa. Tupande boti ya mbao pale Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe, mpaka kisiwa cha Banda, tulale, Jumamosi tuingie Bugala, kile kisiwa kikubwa, Jumapili tuvuke kwa feri ya Luku mpaka Bukakata upande wa bara, Masaka, jioni Kampala, Jumatatu kazini. Ukiangalia ramani visiwa 84 vimebanana kama vifaranga chini ya mama yao, unasema aa hapa mtu anaruka tu.

Nani aruke! Hili ndilo nataka mlijue kabla hamjafunga mabegi: boti za huku hazifuati ramani, zinafuata mzigo. Samaki na mukene (dagaa wa huku) vinatoka visiwani kwenda Kasenyi, soda na unga na mkate vinatoka Kasenyi kwenda visiwani, basi kila kisiwa kina njia ya kwenda bara ila kisiwa na jirani yake, ambaye unamuona kabisa kwa macho na miti yake, hawana njia. Nilimuuliza mzee mmoja pale Banda nafikaje Bugala, akanijibu bila hata kutabasamu, "rudi Kasenyi kwanza." Nirudi Kasenyi! Yaani nyumba ya pili naiona dirishani alafu niambiwe niende mjini kwanza ndio nije kubisha hodi.

Ila nimeanzia mbali, turudi Ijumaa. Tumefika Kasenyi saa tatu asubuhi. Broka akatupokea kama shemeji zake, akakamata mabegi, "boti hii hapa, inaondoka sasa hivi", elfu kumi na tano kila kichwa, tukalipa hapo hapo kwa ujinga wetu. Saa nne, sasa hivi. Saa sita, sasa hivi, wanamalizia kupakia kreti za soda. Saa nane kapteni amekwenda kula. Wenyewe wanakwambia "tugenda kati, ssebo", na mimi mtu wa Arua, Kiganda changu ni cha kuombea maji tu, nikajua wanasema tunakwenda katikati ya ziwa. Kumbe kati kwao ni sasa. Basi tukabaki kati kweli kweli, si Kampala si kisiwani, jua linatuchoma, na kila dakika kumi unanunua kitu kwa sababu huna la kufanya. Rolex (chapati ya kukunjia mayai) mbili mbili, maji, muwa, chai. Hiyo pesa ya kusubiri hakuna mtu anaiweka kwenye bajeti yake na ndiyo iliyotumaliza.

Tumeondoka saa kumi na moja kasoro. Masaa karibu nane! Na kabla hatujakaa vizuri anapita kijana mwingine anadai elfu tano ya begi, begi ambalo nimelipakata kama mtoto.

Sikilizeni, mimi najua boti lazima ijae. Petroli ni ghali, injini moja ya Yamaha inakunywa kama harusi, mwenye boti akiondoka na watu wanne kesho hatoki tena. Sawa kabisa. Basi niambie! Niambie "kaka, tutatoka saa kumi", mimi naenda zangu kulala chini ya mwembe, nakula mara moja, narudi saa tisa na nusu nikiwa mtu na akili zangu. Unanidanganya ili nisiende boti ya jirani, alafu jirani naye ana watu wake anawadanganya hivyo hivyo, na boti zote mbili ziko pale pale zimejaa nusu nusu.

Alafu ule upakiaji. Maji yalikuwa kiganja kimoja tu chini ya ukingo. Laifu jaketi zilikuwepo ndio, zimefungwa kamba moja nene huko mbele chini ya magunia, na mbili watu wamezikalia. Nikaomba nivae, abiria wenzangu wakacheka, mama mmoja akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kuona maji. Mimi maji niliyozoea ni Nile pale Pakwach mama yangu, na pale unaona ng'ambo. Hapa giza limetukuta hatuoni hata pua, kapteni anamulika kwa tochi ya simu. Na wala si mambo ya kucheka, Septemba 2018 feri imepinduka Ukara kule Tanzania wamekufa zaidi ya 200, Novemba mwaka huo huo boti ya starehe huku kwetu upande wa Mukono zaidi ya 30, Agosti 2023 boti iliyotoka Kalangala, wilaya ya visiwa hivi hivi, kuja huku huku Kasenyi watu 20, na polisi wakasema mzigo mwingi na hali mbaya ya hewa. Mzigo mwingi. Na mimi magoti yamebanwa na kreti.

Jumamosi hamna boti. Jumapili upepo. Kila niliyemuuliza alisema baadaye kidogo. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema ukweli safari nzima, mwanajeshi wa doria, nikamsalimia kwa Kiswahili akafurahi (huku Kiswahili ni lugha ya askari, wanakijiji walikuwa wameshanidhania mimi ni mmoja wao kwa ajili ya Kiswahili hicho hicho, nimepata heshima ya bure siku mbili), akaangalia ziwa akasema, "Ndugu, leo hakuna mtu anatoka hapa. Kesho asubuhi na mapema." Basi. Maneno yamekwisha, nikaenda kuoga, nikala ngege (sato) wa kuchoma, ndiyo siku pekee niliyopumzika. Pesa ya simu nayo ilikuwa kituko, wakala mmoja na hana floti, anakwambia subiri boti ilete pesa.

Jumatatu alfajiri ikabidi speshali, yaani kukodi boti nzima mpaka Bugala. Jamaa ameanza laki mbili na nusu, tukajikusanya na akina mama watatu wa mukene, tukaelewana laki mbili, elfu arobaini kila mtu. Hao mama ndio walionegosheiti, mimi ningelipa yote. Bugala tukapanda boda moja wote wawili, elfu ishirini, vumbi na michikichi mpaka Luku, bosi anapiga simu sipokei.

Na hapa ndipo nilipotaka kulia. Feri ya Luku ni ya bure. Hulipi hata mia. Na imekuja saa ile ile waliyotuambia, magari yakaingia, watu wakaingia, haijafika hata saa nzima tuko Bukakata! Mimi wa kulipa kila mahali nimelala ufukweni siku tatu, cha bure ndicho kimekuja kwa saa yake. Tumefika Nyendo, pale Masaka, na elfu nane kwa wawili, dada yangu akatutumia nauli. Lukaya taksi iliposimama wale vijana wakaleta gonja (ndizi za kuchoma) na kuku dirishani, tukaangalia pembeni.

Sasa swali langu. Nasikia kisiwa cha Bukasa, huko huko Ssese, ni pazuri kuliko kote na mimi bado nataka kwenda, hasira zangu hazijafika huko. Mwenye namba ya mtu wa boti ya Bukasa, anayepokea simu na anayeweza kusema "leo hatutoki" bila kuona aibu, aniandikie. Mabroka wa Kasenyi msijisumbue.